Mwamba Ngoma: Namna ya Kuvisoma Vitabu vya Safari za Taita na Taveta

Msomaji, wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hutumika sana katika magomvi ya majirani na katika mashauri ya mahakama, lakini ni nadra kukumbukwa na mtu anayefungua kitabu cha historia. Kitabu kikisha kupigwa chapa, kikavaa jalada na kutiwa mwaka, wengi wetu hukiheshimu kama shahidi asiyeweza kukosea. Walakini kitabu nacho kiliandikwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na bwana aliyemtuma, na rafiki aliyetaka kumpendeza, na adui aliyetaka kumshinda. Nia ya insha hii ni kukuonyesha namna ya kusoma kitabu cha aina hiyo pasipo kukidharau na pasipo kukisujudia. Mifano yangu nitaitwaa katika nchi ya Taita na Taveta, kwa sababu kwa muda mrefu habari za nchi hiyo ziliandikwa na wapita njia kuliko wenyeji.

Kwanza yafaa tuijue njia yenyewe. Leo mtu aweza kutoka Mombasa asubuhi kwa treni au kwa motokaa, na kabla ya jua kufika utosini akawa Voi. Kutoka Voi barabara hugeuka magharibi, ikapita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni, hata ikafika Taveta mpakani. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, na tawi la kutoka Voi kwenda Taveta lililazwa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Kabla ya hapo mizigo yote ilichukuliwa na vichwa na mabega ya wapagazi. Msafara uliotoka Mombasa au Rabai ulivuka nyika ya Taru ambako maji ni adimu, ukatafuta maji ya mvua katika mashimo ya mawe ya Maungu, ukapumzika chini ya milima ya Kasigau, Sagalla au Bura na kununua chakula kwa Wataita, kisha ukaishika njia ya Taveta. Huko mto Lumi hulisha msitu mnene, na ndani ya msitu ule palikuwa na migomba, samaki, kivuli na usalama. Misafara iliyokuwa ikienda Kilimanjaro au Umasaini ilikaa hapo siku nyingi ikijiweka tayari. Kwa hiyo Taveta ilikuwa bandari, ingawa haikuwa na bahari.

Katika njia hiyo pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga na nyaya za shaba zikapanda bara. Nguo ya merikani ilipata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani, katika viwanda vya Massachusetts. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice. Pembe nazo zilikwenda Bara Hindi kufanywa bangili za maarusi, na Ulaya na Marekani kufanywa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Mama wa Sagalla aliyeuza kibaba cha nafaka kwa shuka au kwa shanga alikuwa, pasipo kujua, mshirika katika biashara ya mabara manne. Lakini katika maelfu ya watu waliopita na waliouziana katika njia ile, walioacha vitabu ni wachache mno, na karibu wote walikuwa Wazungu.

Rafu ya vitabu vyao si ndefu. Kipo kitabu cha Johann Ludwig Krapf kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, ambacho ndani yake mna habari za safari za mwenzake Johannes Rebmann kwenda Taita na Kilimanjaro kati ya 1847 na 1849. Kipo cha Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, kilichotoka mwaka 1873. Kipo cha Joseph Thomson kiitwacho Through Masai Land, cha mwaka 1885, na cha Harry Johnston juu ya Kilimanjaro, cha mwaka 1886. Kipo pia cha Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la maji la Austria na Hungaria, aliyefuatana na Samuel Teleki katika safari ya 1887 na 1888.

Ukitaka kumpima mwandishi, muulize kwanza: nani alikutuma, na nani atakusoma? Krapf na Rebmann walitumwa na Church Missionary Society. Wasomaji wao walikuwa Wakristo wa Ulaya waliotoa sadaka ili misheni iendelee. Basi si ajabu kwamba kila kilima walichokiona walikiona kama mahali panapongoja kanisa. Thomson alitumwa na Royal Geographical Society ya London kutafuta njia ya kupita Umasaini. Wasomaji wake walipenda visa vya hatari na vya kuchekesha, naye hakuwanyima. Ni yeye aliyesimulia jinsi alivyoyatoa meno yake ya bandia mbele ya Wamasai na kuyarudisha kinywani ili wamdhanie mganga. Johnston alikuja kukusanya mimea na wanyama kwa ajili ya wataalamu, lakini jicho lake la pili lilikuwa juu ya ardhi. Von Höhnel alikuwa mpimaji na mchora ramani, na kwa sababu hiyo mwendo na masafa aliyoyaandika yana uzito kuliko ya wenzake, ingawa kwa kusimulia Thomson amemshinda mbali.

Si katika Afrika peke yake kwamba kitabu cha msafiri kilikuwa na kazi nyingine nyuma ya ile ya kusomwa. Jan Huygen van Linschoten, Mholanzi, alikuwa karani wa Askofu Mkuu wa Goa katika miaka ya 1580, na akiwa huko aliandika habari za njia za bahari ambazo Wareno walizificha. Alizitoa katika kitabu mwaka 1596. Merikebu za Waholanzi na Waingereza zilizifuata njia zile, na mwaka 1602 Waholanzi waliunda kampuni yao kubwa ya biashara ya Mashariki. Msomaji asiyejua jambo hili atakisoma kitabu cha Linschoten kama hadithi ya nchi za mbali. Anayelijua atakiona kuwa ni ufunguo wa ghala la mtu mwingine. Vivyo hivyo vitabu vya Kilimanjaro na Umasai vilisomwa na wafanyabiashara wa London na Manchester, na mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya Malkia ya kufanya biashara na kutawala. Hati ile isingalifika upesi hivyo lau vitabu visingalitangulia.

Sasa natuvijaribu vitabu hivi katika mambo yenyewe. Jaribio la kwanza ni la theluji. Mwezi wa Mei mwaka 1848 Rebmann, akitoka Bura kwenda Uchaga, aliuona mlima wenye kilele cheupe. Aliyemwongoza, mtu wa msafara aitwaye Bwana Kheri, hakuwa na jina la theluji katika lugha yake. Aliuita weupe ule baridi tu. Rebmann aliyekuwa amezaliwa katika nchi ya theluji aliunganisha neno hilo na alichokiona, akajua ni nini. Habari ilipopigwa chapa Ulaya mwaka 1849, palitokea mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, akakataa katakata. Cooley alikuwa amesoma sana, lakini Kilimanjaro hakupata kukiona. Aliamini kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto ya macho mabovu, na mwaka 1852 alitoa kitabu cha kuitetea rai yake. Krapf naye alikuwa ameuona mlima ule mwaka 1849 alipokuwa akienda Ukambani, lakini ushahidi wake haukutosha kumnyamazisha. Mjerumani Karl Klaus von der Decken alikwenda mwaka 1861 na tena 1862, akaupanda mlima kwa sehemu, akathibitisha yaliyosemwa na Rebmann. Mwaka 1871 Charles New alipanda hata akaigusa theluji yenyewe.

Kisa hiki hufundishwa mara nyingi kama ushindi wa aliyeona juu ya asiyeona, na hilo ni kweli. Lakini kina fundisho la pili ambalo halitajwi. Cooley alishindwa kwa sababu alilipuuza neno moja la Kiswahili lililokuwamo katika habari ya Rebmann. Mtu wa pwani asiyepata kusikia habari za theluji, asiye na sababu ya kumfurahisha mtaalamu yeyote wa Ulaya, aliutazama mlima wa joto akasema baridi. Neno hilo lilikuwa ushahidi mkubwa kuliko kurasa nyingi za mabishano. Kwa hiyo, msomaji, ukisoma kitabu cha mgeni, yatafute maneno ya wenyeji yaliyosalia ndani yake kama punje zilizosalia katika makapi. Mara nyingi mwandishi mwenyewe hakujua thamani yake.

Jaribio la pili ni la kuuliza: habari hii ilitoka kinywani mwa nani? Mwaka 1870 jarida la Royal Geographical Society lilitoa makala ya mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe juu ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara. Ndani yake mna majina ya vituo, mito, vilima na maji, siku kwa siku. Ni miongoni mwa maandiko ya kwanza yaliyowapa Wazungu sura ya nchi zilizo ng'ambo ya Taita na Taveta. Lakini Wakefield hakuzipita njia hizo za Umasaini. Alizipokea kwa mdomo, hasa kutoka kwa Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa upande wa Gazi, mtu aliyezijua kwa nyayo zake. Wakefield alikuwa mwungwana. Jina la Sadi alilitia katika kichwa chenyewe cha makala. Waliomfuata hawakuwa waangalifu hivyo. Wengi husema njia za Wakefield, na jina la Sadi limeachwa nyuma kama mpagazi aliyeugua.

Sadi huyu alifuatana na New mwaka 1871 akiwa kiongozi wa njia, na New katika kitabu chake amemlalamikia. Yumkini alikuwa na sababu. Lakini angalia hali ya shauri hili: mlalamikaji ameandika, na mlalamikiwa hakuandika. Kadhi gani atahukumu kwa kusikia upande mmoja? Mfano mwingine ni wa tajiri wa misafara wa Pangani ambaye Thomson humwita Jumba Kimameta na von Höhnel humwita Jumbe Kimemeta. Thomson alipokwama mwaka 1883 alijiunga na msafara wa mtu huyu, na Teleki naye alimchukua awe kiongozi miaka minne baadaye. Wavumbuzi wawili mashuhuri, kiongozi mmoja. Mwanafunzi asiyetambua kuwa majina haya mawili ni ya mtu yule yule hataona jambo lililo wazi: kwamba vitabu hivyo viwili vinategemea kichwa kimoja cha mfanyabiashara wa Kiswahili.

Kosa la kumsahau mwongozaji lina ndugu yake, nalo ni kosa la kumzulia jina. Tulifundishwa wengi wetu kwamba Vasco da Gama, alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, alipewa rubani aitwaye Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Julfar katika Ghuba, naye akamfikisha Calicut. Rubani alikuwapo, na safari ya kufika Bara Hindi ilifanikiwa mwezi uliofuata. Lakini aliyeandika kumbukumbu ya safari ile akiwa chomboni hakumtaja rubani kwa jina. Waandishi wa Kireno waliofuata walisema alikuwa mtu wa Gujarati. Jina la Ibn Majid lilitiwa na mwandishi mmoja wa Makka, miaka zaidi ya 70 baada ya safari, na katika vitabu vya Ibn Majid mwenyewe hakuna anaposema kwamba alifanya kazi hiyo. Wanahistoria wengi wa leo hawaikubali tena habari hiyo. Jina kubwa lilitafutwa kwa ajili ya tendo kubwa, na rubani wa kweli akapotea mara mbili, kwanza kwa kutotajwa, pili kwa kubadilishwa.

Jaribio la tatu ndilo ninalopenda ulishike kuliko yote. Katika kitabu kimoja, kurasa hazina thamani sawa. Soma mahali Thomson anapoeleza kazi iliyofanywa Taveta kabla ya kuingia Umasaini. Shanga zilizochukuliwa kutoka pwani zilitungwa upya, maelfu kwa maelfu ya nyuzi, kwa urefu ule ule uliotakiwa na Wamasai. Kama uzi ni mfupi au rangi siyo, hununui hata mbuzi. Habari kama hiyo yapasa kuaminiwa, na sababu ni rahisi. Mwandishi alikuwa akitumia mali, na kukosea kulimaanisha hasara, njaa au kifo. Aliyefuata baada yake angekitwaa kitabu chake na kununua shanga kwa kukitegemea. Mahali penye hasara mtu huandika kwa uangalifu.

Kisha soma mahali mwandishi yule yule, au mwenzake, anaposema kwamba watu wa kilima fulani ni wavivu, au wezi, au hawana akili. Je, akikosea hapo atapata hasara gani? Hapati hasara yoyote. Wasomaji wake wa London hawamjui mtu wa Taita wala hawatakutana naye, na tena aghalabu hufurahi kusikia mabaya ya watu wa mbali. Basi amini shanga, na zishuku sifa. Kanuni hii haipatikani katika vitabu vya mitihani, lakini itakusaidia katika gazeti la leo kama inavyosaidia katika kitabu cha 1885.

Neno lenye kuhitaji tahadhari kubwa ni kunyang'anywa. Vitabu vyote vya njia hii vimejaa malalamiko ya kunyang'anywa. Rebmann alipofanya safari yake ya mwisho mwaka 1849, Mamkinga, mtawala wa Machame, alizimaliza bidhaa zake kidogo kidogo, hata safari ya mbele ikavunjika. New naye aliporudi Kilimanjaro alipokonywa mali na Mandara wa Moshi, akafa njiani akirejea pwani mwaka 1875. Haya ni mambo ya kuhuzunisha, na kwa kuwa habari ya New na Mandara inasemwa pia na waliofuata, hatuna sababu ya kuikataa. Lakini mtawala aliyekuwa na mgeni mwenye mizigo katika nchi yake alikuwa na haki zake kwa desturi za misafara. Matajiri wa pwani walilipa hongo, na hongo siku zile haikuwa rushwa. Ilikuwa malipo ya njia, ya maji, ya ulinzi na ya ruhusa ya kununua. Walilipa, wakanung'unika, wakarudi tena mwaka uliofuata, kwa sababu faida ilibaki. Wamisionari walikuja na mizigo kama ya matajiri, lakini hawakutaka pembe. Mtawala alimwona mfanyabiashara asiyefanya biashara. Aliyeandika kitabu aliona mnyang'anyi. Ni lazima tuyaone yote mawili ndipo tuelewe, wala tusiwageuze watawala wale wakawa malaika kwa kuwa wageni waliwaita mashetani.

Labda sasa umekwisha kusema moyoni: basi tuviache vitabu, twende kwa wazee. La, usifanye haraka. Wazee nao huwamba ngoma. Mzee wa ukoo mmoja ataueneza ukoo wake katika vilima vyote, na vita vilivyoshindwa huenda akavisahau. Zaidi ya hayo masimulizi hayana kalenda. Yanayotufaa ni kuvikutanisha vyote viwili. Chukua njaa kuu ambayo Wataita waliiita Mwakisenge. Jina hilo halikuhifadhiwa na wasafiri mashuhuri. Limehifadhiwa na masimulizi ya vilimani. Lakini mwaka wake tunaujua kwa sababu mmisionari J. A. Wray alikuwa amefungua kituo Sagalla mwaka 1883, na taabu iliyowapata watu wake iliandikwa. Tukiweka jina la wazee kando ya tarehe za misheni, tunapata njaa ya 1884 na 1885, yenye jina na mwaka.

Tena, tukiisha kuipata, tunavisoma upya vitabu vya safari. Thomson alipita mwaka 1883, kabla ya njaa. Teleki na von Höhnel walipita mwaka 1887, baada yake. Mmoja aliona nchi kabla ya kuvunjika, na wengine waliiona ikijiinua. Mtu akivilinganisha vitabu hivyo viwili pasipo kuijua Mwakisenge, atadhani kwamba mwandishi mmoja ni mwongo au kwamba Wataita walibadili tabia. Kumbe kilichobadilika ni mvua.

Msomaji, usidhani kwamba haya ni mabishano ya vitabu tu. Mwaka 1884 Harry Johnston, yule mkusanya mimea, aliandikiana karatasi na wazee wa Taveta. Taveta haikuwa na mfalme. Mambo yake yaliamuliwa na wazee katika baraza, na karatasi iliandikwa kwa lugha ambayo wao hawakuisoma. Karatasi zile zilikwenda Uingereza, zikaingia mikononi mwa James Hutton wa Manchester na wafanyabiashara wenzake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi kwa mstari kutoka bahari hadi Ziwa Victoria Nyanza, mstari ulipita Ziwa Jipe, ukavuka mto Lumi, ukapita kati ya Taveta na Uchaga, na Taveta ikaachwa upande wa Waingereza. Dai la Waingereza lilitegemea karatasi ya Johnston. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 majeshi ya Wajerumani yaliuvuka mstari huo na kuiteka Taveta, nao wakakaa hata mwaka 1916. Leo mtoto wa Taveta ni Mkenya, na jirani yake wa ng'ambo ni Mtanzania. Wazee wale waliposikia maneno ya karatasi, kama walisomewa, walidhani wanakubali nini: urafiki, ruhusa ya kujenga nyumba, au kuiuza nchi? Kitabu cha Johnston hutueleza alivyodhani Johnston. Upande wa pili wa shauri haukuandikwa, nao ndio uliokuwa na ardhi.

Hapa ndipo tunapoona hasara ya watu kutojiandikia wenyewe. Pwani na Usambara zilipata bahati kidogo. Abdallah bin Hemedi alituandikia Habari za Wakilindi. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakatolewa mwanzoni mwa karne ya 20; na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi za Waswahili, pamoja na za misafara. Vitabu hivi navyo havikusalimika na methali yetu. Tippu Tip hajioni kuwa na kosa kubwa katika maisha yake, na watumwa waliopita mikononi mwake hawasemi neno. Walakini tunaposoma maneno ya tajiri mwenyewe, twajua alihesabu nini, aliogopa nini na aliwaonaje Wazungu aliowasaidia. Jumbe Kimemeta lau angaliacha kurasa hamsini tu, nusu ya Through Masai Land ingalisomwa kwa namna nyingine.

Basi ufanye nini, wewe uliye mwanafunzi wa Voi, Wundanyi, Mwatate au Taveta? Kwanza, jifunze majina ya kale, maana pasipo majina hutaiona nchi yako kitabuni. Ukitafuta Kasigau katika Krapf, tafuta Kadiaro. Ukitafuta Sagalla katika Thomson, tafuta Ndara. Ukitafuta Uchaga, tafuta Jagga. Na Taita utaikuta imeandikwa Teita. Pili, kila unapokuta neno la sifa, liwe la kusifu au la kulaumu, jiulize mwandishi angepoteza nini kama angekosea. Tatu, tafuta jina la mtu aliyemwongoza, na kama halipo, andika pembeni kwamba halipo. Nne, peleka habari ya kitabuni kwa wazee, na habari ya wazee uirudishe kitabuni, uone zinapokutana na zinapoachana. Barua nyingi za wamisionari wale zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham huko Uingereza, na hati za serikali ya kikoloni zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka Nairobi. Lakini majina ya visima vya Maungu, mipaka ya koo za Dawida na habari za soko la kale la Taveta havikuwekwa Birmingham. Vimo katika vichwa vya watu ambao umri wao umekwenda sana, na kila mwaka baadhi yao huondoka.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hilo halitakoma maadamu watu wanaandika. Lakini ngozi ikivutwa upande mmoja tu, ngoma hailii vizuri. Wageni wamekwisha kuvuta upande wao, tena kwa nguvu, na kazi yao ina manufaa mengi kwa anayejua kuisoma. Upande wa pili wa ngoma bado unangoja mikono. Kalamu unayo, shika, uvute.